Ngoma ya Viboko

Mume wangu alikuwa mlinzi wa viboko. Nikisema hivyo leo watu wanadhani ninatania, kwa hiyo nieleze. Juu kidogo ya Kindu, Lualaba ina kona yenye maji yaliyotulia, na kundi dogo la viboko lilikuwa likiishi pale. Enzi hizo za Zaire, mabwana na mabibi wote walipogeuzwa kuwa "citoyen" na "citoyenne", yaani raia, mkubwa mmoja wa mji alipata wazo: wageni wanaoshuka kwenye treni walipe ada ya kuwatazama viboko, na ada hiyo imlipe mtu wa kuwalinda. Bila ada hakuna mlinzi, na bila mlinzi viboko wangekuwa nyama sokoni Alunguli. Lilikuwa wazo zuri, nalisema bila kejeli.

Mume wangu aliishika kazi ile kama aliyeoa mke wa pili. Aliwabembeleza wavuvi wasitege nyavu pale, akawafukuza wenye bunduki kwa maneno matupu, maana yeye bunduki hakupewa. Alijifunza kutembea bila sauti, halafu akataka na sisi nyumbani tutembee hivyo. Nikiangusha sufuria alinitazama kana kwamba nimekimbiza kundi zima. Kuishi na mtu wa namna hiyo kunachosha, lakini nilimpenda.

Mwanzoni wageni walikuja wawili watatu. Aliwapeleka kimya kwa mtumbwi, wakaona masikio na pua juu ya maji, wakarudi wameridhika. Kisha mkubwa akagundua kwamba wageni wanapita mjini mwake bila kupokelewa. Siku hizo hata gunia la chumvi likishuka kwenye ndege lilichezewa ngoma. Kikundi chetu cha animasio, cha kucheza na kuimba sifa za chama, nami nikiwa mchezaji wake, kikaamriwa kuwapokea wageni palepale ukingoni, kwa ngoma, njuga na nyimbo za chama.

Mume wangu alikwenda ofisini. Nami nilikuwepo, maana wachezaji tuliitwa kupewa amri.

"Mukubwa, tuwachezee wageni ku gare, wakishuka ku treni," alisema. "Kule ku mto viboko vitakimbia."

"Mugeni hapokelewe kimya sawa mwizi, citoyen."

"Lakini viboko njo wanakuya kuona."

"Wataona viboko, na ngoma wataona. Vyote viwili."

Siku ya kwanza tulicheza vizuri, siwezi kujinyima sifa. Wimbo wa kwanza ulipoanza, vichwa vyote vilizama, vikaibuka mbali. Safari ya tatu havikuibuka kabisa. Baadaye mchuuzi mmoja aliyetoka Lokandu alituambia kwamba viboko walionekana huko chini, wameingia kwenye mashamba ya mpunga. Huko hapakuwa na ada wala mlinzi, palikuwa na wenye mashamba na mikuki yao. Alisema nyama ilikuwa nyingi.

Mume wangu alilia. Nami nililia kwa sababu yeye alilia. Viboko wenyewe sikuwahi kuwapenda.

Ada haikukoma. Wageni waliendelea kuja, wakaangalia maji kwa muda, wakatupiga picha sisi, wakalipa. Mkubwa aliwaeleza kila mara kwamba fedha yao inalinda viboko. Kwa fedha hiyo tulinunuliwa vitenge vipya, na vilikuwa vitenge vizuri.

Mlinzi sasa hakuwa na cha kulinda, akaachishwa. Lakini mkubwa hakuwa mtu mbaya, alijua tuna watoto, akampa kazi nyingine: kupiga ngoma kubwa katika kikundi chetu. Nilicheka mpaka nikaketi chini. Yeye hakucheka.

Wageni walipokuja, alipiga polepole kwa ncha za vidole, macho yake majini. Hatukusikia pa kuweka mguu. Tuligongana mbele za watu.

"Citoyen, piga kwa nguvu," mkubwa alisema.

"Ndiyo, mukubwa," alijibu, akaendelea vilevile.

Tulipofika nyumbani nilikuwa nimewaka. "Baba, umetutia haya. Sababu gani unapiga vile? Wataondoa weye ku kazi tena."

Alikuwa akivua viatu, taratibu, kama kawaida yake.

"Pengine mumoja alibakia," alisema.

Wageni waliofuata walipofika, nilivaa kitenge changu, nikavua njuga miguuni, nikaziacha chini ya kitanda.