Muhogo Mchungu Una Siku Zake

Mwanangu, ipo siku moja naikumbuka kuliko zote nilizokaa jikoni, nayo si siku ya kujisifia. Nilikuwa na miezi miwili tu tangu niolewe hapa Ujiji, nyumbani kwa mama mkwe wangu, Bi Tausi. Nilitoka kwetu nikiwa najua kupika wali na kuunga maharage. Muhogo sikuujua.

Muhogo wetu ni wa namna mbili. Mtamu unauchemsha asubuhi, unanywea chai. Mchungu hauliwi hivyo. Unamenywa, unalowekwa majini siku nne, unaanikwa mpaka ukauke kabisa, ndipo unatwangwa. Unga wake ndio ugali wetu wa miaka yote, ule unaoliwa na migebuka, samaki wa ziwa letu, waliopikwa kwa mawese.

Jumatatu moja Bi Tausi alipata habari ya msiba wa kaka yake huko Kalinzi. Alikuwa ameshaloweka pipa zima la muhogo mchungu. Akiwa mlangoni na khanga yake ya msibani akaniambia, "Usiutoe mpaka Ijumaa." Nikaitika, "Ndiyo, mama." Akaenda. Hakusema zaidi, nami sikuuliza.

Jumanne ikaja habari kwamba shemeji zangu wawili, Ramadhani na Moshi, wangekuja kula kwetu kesho yake mchana. Nikatazama ndani: unga umebaki kibaba kimoja. Jirani yetu Bi Nyamizi alikuwa na unga debe zima, lakini niliona haya. Mke mpya aende kuomba unga kwa jirani, halafu mtaa mzima ujue? Nikautoa muhogo siku ile ile, ukiwa umelala majini usiku mmoja tu. Nikaukatakata vipande vyembamba, nikauanika juu ya jiwe, jioni nikausogeza jikoni penye moshi. Jumatano asubuhi nikatwanga, nikachekecha. Unga ukawa mweupe, mzuri kabisa kwa macho.

Mashemeji wakafika na njaa zao, dada yao Mwamvita na mwanawe nyuma.

"Shemeji, leo tutakula au tutasimuliwa?" Moshi akaniuliza.

"Nawa mikono, acha maneno," nikamjibu, na wote wakacheka.

Ugali ulikuwa na ukakasi. Niliuonja nikaujua, nikazidisha mchuzi wa samaki. Ramadhani alimega mara tatu akasema ameshiba. Aliyekula sana ni Saada, mtoto wa wifi yangu Mwamvita, wa miaka minne, maana alishinda hajala tangu asubuhi.

Haikupita adhuhuri vizuri, Saada akaanza kutapika. Kisha miguu ikamlegea, akawa anahema mbio mbio kama aliyepanda mlima. Mwamvita akanigeukia.

"Umemlisha nini mwanangu?"

Nikasema, "Labda samaki."

Hilo ndilo kosa langu, Mwanangu, kubwa kuliko la kutoa muhogo. Kwa neno lile wakaanza kumpa mtoto maziwa, na kumsugua tumbo, na kuhangaikia samaki, muda unakwenda. Bi Nyamizi alipoingia kwa ajili ya kelele hakuuliza habari za samaki. Aliliinamia pipa, akaona limepungua nusu. Akaniita kando.

"We binti, huu umeutoa lini?"

Nikageuka kutazama kama wifi anasikia.

"Sikuulizi ili nikutangaze. Mtoto anakufa. Umeutoa lini?"

"Jana."

Akapiga kelele iletwe baiskeli. Moshi, naye akiwa ameshika kichwa kinachomuuma, akaendesha. Mwamvita akapakata mtoto nyuma, mimi nikakimbia kwa miguu. Hospitalini mganga akauliza amekula nini, na safari hii nilijibu mwenyewe, mbele ya wifi yangu: muhogo mchungu, umelowekwa usiku mmoja. Wakamtundikia dripu, wakafanya na mengine nisiyoyajua. Magharibi ilipoingia, Saada alifumbua macho akaomba maji. Mwamvita hakunisemesha kwa mwezi mzima, na sikumlaumu.

Bi Tausi alirudi Ijumaa akakuta habari zimemtangulia. Nilingoja matusi. Akanishika mkono mpaka kwenye pipa, akatoa kipande kilichobaki, akakivunja. Uzi wa katikati ukatoka wenyewe, bila kuvutwa.

"Umeona? Ukitoka hivi, muhogo umekubali. Uzi ukiushikilia, bado muhogo una sumu."

Kisha akanieleza kwamba bibi zake waliuchagua mchungu makusudi, kwa sababu nguruwe pori na nyani hawaugusi. Mvua ikikosekana, mahindi yakifa, wao walikuwa na chakula shambani. Bei yake ni kuungoja majini.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia yote hayo kabla.

"Nilikupa siku, sikukupa sababu," akasema. "Kosa lako ni lako. Hilo moja ni langu."

Nami ndiyo maana nakuandikia. Wewe unanunua unga soko la Mwanga, na siku nyingine unaletewa muhogo wa shamba, unaona siku nne ni nyingi. Usizipunguze. Chakula cha zamani ukikikuta na masharti, uliza yametoka wapi kabla hujayaacha. Ukikosa unga, omba kwa jirani. Haya ya kuomba inaisha siku hiyo hiyo. Na ukikosea jikoni, sema ulichokifanya upesi, na usimsingizie samaki. Siku ukiwa mkubwa wa nyumba, usiwape watoto amri tupu. Waambie na kwa nini.

Saada yupo, ana wajukuu, na nikimpakulia ugali huuliza kwanza, "Mkaza mjomba, siku ngapi?" Namjibu, ndipo anamega.

Mungu akipe chungu chako baraka, Mwanangu, na kila atakayenawa mikono kwako ainuke salama.