Kumsindikiza Kiangazi

Nilipokuwa bado mtoto wa kutumwa chumvi dukani na kusahau chenji, nyumba yetu kule karibu na Ilongero ilikuwa na pembe moja niliyoipenda na kuiogopa kwa pamoja. Ilikuwa chumbani kwa Bibi, mama yake Baba. Alikuwa ameukanda udongo mwenyewe, akaushikiza ukutani ukawa kibaraza kidogo kisichozidi ukubwa wa mkeka wa mtoto mchanga, na juu yake aliweka vitu vya msimu. Mvua zikinyesha, kulikuwa na kata ya kibuyu iliyojaa maji ya mvua na kitita cha mlenda mbichi pembeni. Wakati wa mavuno lilikaa suke jipya la uwele. Kiangazi kikiingia, kata ilifunikwa kifudifudi, suke likaachwa likauke, na chini yake Bibi alinyunyiza jivu la mekoni.

Bibi alikuwa Mkristo wa kwenda kanisani kila Jumapili na kitenge chake kizuri, na hakuona ugomvi wowote kati ya kanisa na pembe yake. Baba ndiye aliyeona ugomvi. Wageni wakija aliufunga mlango wa chumba kile haraka haraka, akajifanya anafukuza kuku. Mama yeye alisema tu, "Hayo ni ya bibi yako," akaendelea na kazi zake.

Kilichonitisha mimi hakikuwa vile vitu. Kilikuwa maneno ya Bibi kuhusu kiangazi.

"Huyu ni mgeni kama wageni wengine," alikuwa akiniambia. "Amekaa kwetu miezi yote hii. Siku mvua ya kwanza ikinyesha, anataka kuondoka, na ni lazima asindikizwe. Usipomsindikiza, ataangalia ndani ni nani wa kwenda naye."

Basi kila mwaka, mvua ya kwanza ilipoangusha matone, Bibi alikuwa akilifunga lile suke kavu na jivu lake ndani ya kitambaa cheusi, akatoka nalo mdogo mdogo mpaka mwisho wa ua wa minyaa, pale njia ya kwetu inapoungana na barabara. Alitembea kama mtu anayemsindikiza mgeni kweli. Kwetu mgeni haachwi mlangoni. Unakwenda naye hatua kwa hatua huku mkiongea, maana ukimharakisha utakuwa umemfukuza. Bibi alikuwa akimpa kiangazi habari za nyumbani: nani alipona kifua, ng'ombe gani alizaa, nani alihama. Mvua ilikuwa ikimlowesha mpaka kilemba kikamshuka shingoni, na hakuongeza mwendo hata kidogo. Mimi nilimfuata kwa nyuma nikijihesabu pamoja na Baba na Mama, nihakikishe wote tumebaki.

Mwaka ule nikiwa darasa la tatu, Bibi alipelekwa Kiomboi kutibiwa jicho. Shangazi anaishi kule, kwa hiyo alikuwa akae kwake mpaka apone. Asubuhi ya safari aliniita chumbani, akanikalisha mbele ya pembe.

"Mke mwenzangu," aliniambia, ndivyo alivyonitania siku zote, "mvua ikinyesha kabla sijarudi, utamsindikiza wewe. Mama yako ana mtu tumboni, asitembee na hivi vitu. Baba yako anaona aibu. Umebaki wewe."

"Nikikosea je, Bibi?"

"Utakosea nini? Ni kutembea tu. Usikimbie."

Alicheka, akaondoka na begi lake. Mimi sikucheka. Kuanzia siku ile sikuwa na raha. Darasani nilikaa nimegeukia dirishani nikitazama mawingu. Usiku nilisikia upepo nikadhani matone. Mama alikuwa mzito, miguu imemvimba, na kila alipoguna akiinuka kwenye kigoda nilijiuliza kama mgeni naye amemsikia. Ningemwambia nani? Baba angenigombeza, na Mama asingehitaji hofu yangu juu ya mzigo aliokuwa nao.

Mvua ilikuja mapema, siku ya mapumziko, jua likiwa bado liko juu. Baba alikuwa amekwenda Sepuka kutafuta maksai wa kulimia. Upepo ulianza kwanza, vumbi likasimama uani, kisha bati likagongwa mara moja, mara mbili, halafu likagongwa lote. Nilikuwa nimekwishafika chumbani kwa Bibi na kukitandaza kile kitambaa cheusi. Nilikuwa nalifunga suke niliposikia Mama akiniita kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

Nilimkuta ameng'ang'ania nguzo ya kitanda. Kanga ilikuwa imelowa.

"Nenda kamwite Mama Zuhura," alisema. "Mwambie wakati umefika. Kimbia."

Mama Zuhura alikuwa jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, mwanamke aliyewasaidia wengi kujifungua. Njia ya kwake ilikuwa ileile ya kumsindikizia mgeni. Nikasimama mlangoni na lile furushi mkononi, mama yangu ananiambia kimbia, bibi yangu amenikataza kukimbia.

Nilikimbia. Nilikimbia na furushi kifuani, sikutoa habari yoyote ya nyumbani, na nilipofika mwisho wa minyaa nililitupa kando ya barabara kama mtu anayetupa maganda, nikavuka. Mama Zuhura alikuwa anaanua nguo. Nilikuwa ninahema, siwezi hata kusimama sawasawa, lakini malezi ni malezi.

"Shikamoo, Mama Zuhura."

"Marahaba. Una nini, mtoto?"

"Mama anasema wakati umefika."

Alizitupa nguo matopeni. Mtoto wake Ramadhani alikuwa na bodaboda, akaitoa palepale, tukarudi kwetu. Wakampandisha Mama katikati, Mama Zuhura akakaa nyuma amemkumbatia, na pikipiki ikaondoka ikiyumba kwenye tope kuelekea kituo cha afya. Mimi niliambiwa nibaki niangalie nyumba na mbuzi.

Walipopotea tu machoni, hofu ikanishika barabara. Nilikuwa nimemfukuza mgeni. Sikumsindikiza, nilimfukuza, tena nilimtupa, na dakika ileile mama yangu alikuwa ametoka nyumbani kwa njia ileile. Nilirudi barabarani kulitafuta furushi. Maji yalikuwa yanakwenda kwa kasi mtaroni. Nilikipata kitambaa kimenasa kwenye mzizi. Suke halikuwepo, jivu halikuwepo.

Nilikichukua kitambaa kitupu, nikarudi nacho mpaka mlangoni kwa Bibi, nikaanza upya. Nilitembea polepole kwa nguvu zangu zote, kama kuna kitu kama hicho. Nilimwambia kiangazi kwamba mbuzi wetu mweupe alizaa mapacha, kwamba Bibi anatibiwa jicho, kwamba mimi nilishika nafasi ya nne. Nikamwambia Mama hawezi kwenda naye kwa sababu ana mtoto. Nilipofika mwisho wa minyaa sikuwa na kitu cha kuacha, nikarudi, nikaanza tena. Sijui nilikwenda mara ngapi. Mvua iliisha, mimi bado natembea.

Jioni Ramadhani alirudi peke yake. Nilisikia pikipiki ikizimwa nikashindwa kutoka nje.

"Umepata mdogo wako wa kiume," alisema kutoka uani. Nikatoka. Alikuwa hatabasamu. "Mama amepoteza damu nyingi. Wamempeleka mjini. Baba yako amepigiwa simu, anakwenda hukohuko. Wewe chukua nguo, utalala kwetu."

Nililala kwa Mama Zuhura bila kulala. Siku zilizofuata nilipewa chakula nikakila bila kukijua. Watu walikuwa wakirudi mashambani na majembe, furaha ya mvua imewajaa, na mimi nilikuwa nawachukia wote.

Kisha Bibi akarudi. Habari zilikuwa zimemfikia Kiomboi, akakataa kubembelezwa abaki, akapanda basi na jicho lake limefungwa bandeji. Nilimwona anashuka kwenye bodaboda, nikamkimbilia, na hata shikamoo sikuimaliza. Nilimwambia yote: nilivyokimbia, nilivyotupa, nilivyotembea na kitambaa kitupu.

"Nimemfukuza, Bibi. Ndiyo maana anamchukua Mama."

Bibi alinishika mkono tukaingia chumbani kwake, akakaa chini mbele ya pembe iliyobaki na kata peke yake. Akakipapasa kile kibaraza cha udongo.

"Nani amekwambia desturi hii ni ya wazee?" aliuliza.

"Si ya wazee?"

"Niliianza mimi. Baba yako alikuwa bado anatambaa."

Akanisimulia. Kabla ya Baba alikuwa na binti, Naomi, mkubwa kidogo kuliko nilivyokuwa mimi. Mwisho wa kiangazi kimoja Naomi alishikwa na homa. Mvua ya kwanza ilipopiga, watu wote wakachukua majembe na mbegu, maana udongo wetu ukikauka tena umekula hasara. Naomi alikuwa amelala na suke la uwele mkononi, anadonoa punje moja moja. Akasema, "Mama, ngoja kidogo." Bibi akamjibu, "Narudi sasa hivi," akaenda zake.

"Nilikimbia," Bibi alisema. "Nilipanda mbegu mpaka mstari wa mwisho. Niliporudi, suke lilikuwa sakafuni."

Jicho lake lililo wazi lilikuwa linatoka machozi, nami sikujua nifanye nini na mikono yangu.

"Kiangazi hakichukui mtu, mjukuu wangu. Ni homa. Lakini sikumsindikiza mtoto wangu. Kila mwaka mvua ikinyesha, miguu yangu inataka kukimbia, nami naikatalia."

"Lakini mimi nilikimbia."

"Wewe ulikimbia kumwitia mama yako msaada. Mimi nilikimbilia shamba. Mbio zako si mbio zangu."

Mama alirudi wiki ile, amekonda, na mdogo wangu amefungwa kwenye kanga, analia kwa sauti ya mtu mwenye mali yake. Bibi alimpokea, akampakata mbele ya pembe, na kwenye kata iliyogeuzwa wima aliweka maji ya mvua. Baba alisimama mlangoni akitazama. Hakuufunga mlango.

Sasa ninaishi Singida mjini, nyumba ya kupanga, na pembe yangu ni ubao mmoja niliougongelea ukutani karibu na televisheni. Nimeweka vitu vyangu: kata, maana sikuweza kuiacha, kichwa kidogo cha alizeti badala ya uwele, na kipande cha kile kitambaa cheusi. Mume wangu hutania kwamba ninafuga vumbi. Bado mimi ni mwoga, sifichi. Mawingu ya kwanza yakitokea nampigia Mama, nampigia mdogo wangu ambaye siku hizi anaendesha lori, nawauliza wako wapi kama polisi. Maelezo ya Bibi hayakuiondoa hofu yangu. Yalinionyesha tu ilikotoka.

Bibi aliondoka kiangazi kimoja, kitandani kwake, bila haraka, na wote tulikuwepo. Aliniomba maji nikasema narudi sasa hivi, halafu nikasikia nilichosema, nikakaa. Mdogo wangu ndiye aliyeyaleta.

Mvua ya kwanza ikinyesha ninalifunga lile ua kavu la alizeti, natoka nalo polepole hadi getini, wapangaji wenzangu wananichungulia madirishani. Nampa kiangazi habari za nyumbani. Kuna kazi jikoni, kuna nguo kambani zinalowa, binti yangu anaita kutoka ndani kwamba anataka kuja na mimi. Kila mara namjibu aje, na ninasimama kwenye mvua kumngoja mpaka avae viatu.