Mgeni Aliyetaka Miji Midogo

Kila mji tuliompa yule kaka, ulilia kabla mwezi haujaisha.

Sizungumzii miji ya kwenye ramani. Nazungumzia ile ya vitendawili, unayompa mwenzako ukishindwa kujibu. Tulia nikusimulie.

Ilikuwa 1977, bonde la Usangu, Mbeya. Sisi ni Wasukuma. Baba yangu, mzee Ndalahwa, alituhamisha toka Shinyanga na ng'ombe wake wote kufuata majani. Mimi Nyamizi nilikuwa msichana mbichi, mdomo mrefu, sikubali kushindwa. Leo ni bibi, akaunti hii kanifungulia mjukuu, kwa hiyo wa kunisahihisha herufi apite kimya kimya.

Kijiji kizima kilikuwa na mashine moja ya kusaga. Foleni yake, we acha tu. Unafika asubuhi na debe lako la mahindi, unaondoka jua linazama.

Basi tulikuwa tunategeana vitendawili. Mimi, rafiki yangu Damari, binti wa Kisangu, na yeyote aliyekuwepo kwenye foleni.

Ndipo akaja Liberatus. Alisema kwao ni Mlandege, Iringa, anauza chumvi na viberiti kwa baiskeli. Mtanashati, suruali bugaluu, maneno asali.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Anatafuna kutwa nzima, hamezi hata punje."

Mbuzi? Wapi. Jino? Wapi.

"Tumeshindwa."

"Nipeni mji."

"Chukua Dar es Salaam!"

"Sitaki. Dar kila mtu keshapewa. Nipeni mji wa kwenda na baiskeli."

Watu wakacheka. Shija, kijana wa jirani yetu, akampa Ikanga. Ndiko kambi yao ya ng'ombe ilikokuwa, mbugani huko.

Kawaida ukipewa mji unajisifu kidogo: nimekwenda, nimekula, nimelala, nimerudi. Halafu unatoa jibu. Liberatus yeye aliuliza.

"Nikifika Ikanga nani atanipokea?"

"Mimi mwenyewe, peke yangu," akasema Shija.

"Ng'ombe wanakunywa wapi? Mbwa wakali?"

Shija akamjibu yote huku tunavunjika mbavu. Jibu lenyewe lilikuwa mashine ya kusaga, nasi tulikuwa tumesimama mbele yake.

Siku chache baadaye kambi ya Ikanga ilivamiwa. Ng'ombe wote wakaswagwa. Shija alikutwa na mkuki tumboni.

Tulimzika na mvua inanyesha.

Damari naye alishindwa kitendawili, akampa Liberatus kijiji cha mjomba wake. Haukupita muda, zizi la mjomba likabaki tupu. Mbwa walikutwa wamekufa, mapovu mdomoni.

"Nyamizi, yule mtu anakula miji," Damari aliniambia. "Ni mchawi."

Kijiji kikashika hilo hilo. Wazazi wakawakataza watoto wao kusema hata neno "tega". Liberatus akija na chumvi yake, watu wananunua bila kumtazama usoni.

Mimi sikupata usingizi. Kaka yangu Budeba alikuwa kambini peke yake na ng'ombe wa baba, kule Mto wa Juu. Kila nikifumba macho namwona Shija.

Lakini kuna kitu kilinikereketa. Mchawi gani anauliza habari za mbwa?

Nikamwambia baba.

"Mpe mji," akasema. "Mpe Kisima cha Fisi. Na usimwambie mtu, hata mama yako."

Kisima cha Fisi hakuna kitu, ni majani matupu.

Liberatus alipokuja tena, nikamchokoza mwenyewe. Akatoa tabasamu lake.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Amefungwa shingoni, bado anaita wageni."

Mtoto wa mfugaji nisijue kengele ya ng'ombe? Nikaumeza ulimi.

"Nimeshindwa."

"Nipe mji, dada Nyamizi."

"Kisima cha Fisi. Ndiko ng'ombe wetu waliko."

"Mwenyeji nani?"

"Kaka yangu. Yuko peke yake."

"Mbwa?"

"Mmoja. Mzee, hana hata meno."

Alinitazama usoni, hakupepesa.

"Jibu nitakupa nikirudi safari," akasema, akapanda baiskeli.

Baba na wenzake wakalala Kisima cha Fisi na mikuki yao. Hakuja mtu. Wakarudia kesho yake. Kimya.

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Kama amejua nimemdanganya, basi sasa anamtafuta Budeba aliko.

Asubuhi baba akabeba debe kichwani, akaniambia twende mashineni. Mzee mzima, kwenye foleni ya wanawake na vijana! Wakamcheka, akajipanga nyuma. Hakuwahi kufika pale, hivyo Liberatus hakumfahamu.

Mchana Liberatus akaingia, anapiga mluzi.

"Dada Nyamizi! Mji wako sijausimulia."

"Simulia," nikasema.

"Nimekwenda Kisima cha Fisi. Ng'ombe sikuwakuta. Nimekuta wanaume wamelala kwenye majani kama magogo, mikuki kwapani. Nikawaonea huruma na baridi ile, nikarudi."

Watu wakaangua kicheko. Wao walidhani ni mchezo. Liberatus hakucheka, macho yake yalikuwa kwangu tu. Alikuwa ananiambia kwamba zamu yangu imefika.

"Kijana, unasimulia vizuri," baba akasema toka nyuma. "Na yule aliyelala pembeni kabisa, alijifunika nini?"

Liberatus kapata msikilizaji, si akanogewa!

"Blanketi jekundu, mzee wangu. Tena limeungua pindoni."

Baba akasukuma debe lake pembeni.

"Liliungua kwa kiko changu," akasema.

Vicheko vikakatika.

Liberatus akageuka kuifuata baiskeli. Hakuifikia. Mama yake Shija alikuwa kwenye foleni, na ndiye aliyemwahi shati. Alilishika kwa mikono miwili, hakupiga kelele, hakutoa hata chozi. Wanawake wengine wakamzunguka.

Liberatus alikabidhiwa polisi yu hai, kwa sababu baba aliwasihi sana. Huko akawataja wenzake wote, wezi wa ng'ombe. Mto wa Juu walishaujua. Walikuwa waende jioni ile ile.

Budeba yupo, ana wajukuu, ni mbishi kuliko mimi.

Ndugu zangu, mtu akikutegea kitendawili, usihangaike na jibu tu. Angalia anataka nini ukishindwa.