Nyani Mkubwa Katika Shamba la Mkwe

Mwaka ulikuwa wa arobaini na tisa, mahindi yameanza kutoa ndevu. La, si arobaini na tisa. Arobaini na tisa matrekta ya ule mradi wa karanga wa Wazungu yalikuwa bado yanatimua vumbi Nachingwea kutwa, na Yunusi alikuwa bado na kazi, hana mke wala kisanduku. Basi ni hamsini na moja, maana ndio mwaka ambao Wazungu wengi walikuwa wakifunga mizigo, na Yunusi keshahamia ukweni Nambilanje. Ndiyo, hamsini na moja. Mahindi ndiyo hayo hayo.

Huyu Yunusi alikuwa mtu wa Nandagala, mrefu, mpole, mtu wa kucheka kabla kichekesho hakijafika. Kule Nachingwea kazi yake ilikuwa kupaka matrekta grisi chini ya fundi mmoja Mzungu ambaye vijana walimwita Bwana Koleo. Jumapili Wazungu wengine walitoka na bunduki wakarudi na nyama. Bwana Koleo alitoka na kisanduku cheusi cha kupigia picha, akarudi na njaa. Yunusi ndiye aliyembebea chupa ya chai, na huko porini akafundishwa mambo machache: jua liwe mgongoni kwako, usipumue wakati wa kubonyeza, na mnyama aliye mbali kupita mtupo wa jiwe usimguse, atatoka kama chawa.

Kisanduku chenyewe hukiweki machoni. Unakishika tumboni, unainamisha kichwa, unachungulia kidirisha kidogo kilicho juu yake, na humo unamwona mnyama amekuwa mdogo kama picha ya stempu. Bwana Koleo alipoondoka alimwachia Yunusi kisanduku hicho pamoja na mikanda michache ya filamu. Wenzake waliachiwa mabuti na mablanketi. Walimcheka, naye akacheka pamoja nao, akakifunga kisanduku ndani ya shuka kama mtoto mchanga.

Sasa, kosa la kwanza alilifanya kabla ya ndoa. Alipokwenda Nambilanje kujitambulisha kwa kina Sabaha alichukua picha zake za punda milia, alizozipiga kwa papara kutoka mbali, mafundisho ya chawa keshayasahau. Mjomba wa Sabaha, Mzee Adinani, ndiye msemaji wa nyumba ile, kwa kuwa kwao mjomba ndiye mwenye neno. Akaipokea picha kwa mikono miwili, akaigeuza juu chini, kisha akaipuliza.

"Bwana mkwe," akasema, "karatasi yako imeingia wadudu."

Yunusi akaeleza kwamba wale ni punda milia. Mzee Adinani akaipuliza tena, punda milia wasiondoke. Kuanzia siku ile Nambilanje nzima ilimwita Bwana Chawa. Ndoa ilifungwa kwa vile Sabaha mwenyewe alisema anamtaka huyo huyo na chawa wake, lakini jina lilibaki. Na ndani ya Yunusi kukabaki hamu moja: apate mnyama mmoja tu, mkubwa, aliyejaa kwenye karatasi, ambaye Mzee Adinani hatampuliza.

Desturi ya huko ni kwamba mwanamume akioa anahamia kwa mke. Anaishi pale, analima shamba la mama mkwe, na mavuno ya kwanza ndiyo mtihani wake. Ghala likijaa, amekuwa mtu wa pale. Likiwa nusu, mjomba anaweza kumwambia akapumzike kwao, na mke abaki. Na huyo mama mkwe unayemlimia humtazami usoni. Ukikutana naye njiani unaingia majanini. Akiwa na neno na wewe hakuambii, anamwambia mtu mwingine nawe uko karibu, na akikosa mtu anamwambia hata kuku.

Bi Kulthumu, mama yake Sabaha, alikuwa mjane, mfupi, mwenye mikono ya kutwanga. Kuku wake waliambiwa mambo mengi sana mwaka ule.

Shamba lake lilikuwa kando ya bonde, na adui wa shamba lile alikuwa nyani. Kazi ya Yunusi ilikuwa kukaa juu ya dungu, kile kibanda cha miti cha kulindia, apige debe na kuwarushia mawe kwa kombeo. Mwanzoni alifanya hivyo vizuri kabisa. Halafu akamwona mkubwa wao. Alikuwa dume lenye mabega ya mpagazi, na halikuvunja mahindi lenyewe. Lilikaa juu ya kichuguu, mikono magotini, likiwatazama wenzake wakifanya kazi, kisha linaletewa. Yunusi alicheka peke yake hadi dungu likatikisika. Alikuwa na nyapara wa namna hiyo hiyo Nachingwea. Akampa jina lile lile, Nyapara.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, maana huwezi kumfukuza nyani na kumpiga picha kwa wakati mmoja. Kichuguu kilikuwa mbali kupita mtupo wa jiwe. Ili Nyapara asogee, debe lilipaswa kunyamaza. Likanyamaza. Nyapara akashuka kichuguuni. Yunusi akabonyeza, lakini alipumua. Kesho yake akaweka hindi juu ya kisiki, jirani zaidi. Nyapara akalichukua amegeuza mgongo, picha ikawa ya matako. Keshokutwa wingu. Siku zikaenda hivyo, mkanda ukaenda, na mahindi ya upande wa kichuguu yakaenda pia.

Jioni moja Yunusi alikuwa nyuma ya nyumba akinawa miguu. Bi Kulthumu akatoka na ungo, akawamwagia kuku chenga.

"Kuleni, wanangu, kuleni," akawaambia. "Mwaka huu mkiona sufuria mekoni msiulize kumepikwa nini. Tutachemsha picha."

Kuku wakala. Yunusi akaendelea kunawa mguu ambao ulikuwa umekwisha takata.

Habari zilimfikia Mzee Adinani, akaja, akatembea shambani, akahesabu mabua matupu kwa kichwa tu. Kisha akatoa amri. Yunusi ashuke dungu, aende kukata miti ya kutengenezea ghala. Shamba watalinda wanawake. Ghala likifungwa nusu, Bwana Chawa atarudi Nandagala na kisanduku chake. Sabaha alilia kidogo, kisha akamgeukia mumewe na kumwambia kwamba kama angetaka kuolewa na nyani wangekuwapo wengi wa kuchagua.

Mtu mwenye akili angekata miti. Yunusi aliikata, ila kwenye mkanda ilikuwa imebaki picha moja. Akajisemea kwamba picha moja haimalizi shamba. Basi siku ya pili, saa ambayo Nyapara hushuka, alipenya kwenye mahindi, akajibanza chini ya dungu, kisanduku tumboni, akijua kwamba zamu ni ya Sabaha na Sabaha atamsamehe.

Asilolijua ni kwamba tangu yeye atoke asubuhi Sabaha alishikwa na homa, na zamu ile ameichukua mama yake. Tena Bi Kulthumu alikuwa na akili zake. Kila mtu pande zile anajua kwamba nyani hamwogopi mwanamke. Akiona kanga anaendelea kula, na wengine humrushia mabunzi ya mahindi. Mwanamke anayetaka kumtisha nyani hana budi avae kiume. Nguo za marehemu mumewe zilikwisha gawiwa siku nyingi. Kwenye kamba ya nyumba kulikuwa na suruali ya kaki yenye kiraka gotini na kofia pana ya kazi za Nachingwea, vyote vya Yunusi, vimefuliwa, vimekauka. Akatazama huku, akatazama huku. Hakuna mtu. Akavaa suruali ya mkwewe, akaikunja miguu mara kadhaa, akashika mchi, akaenda shambani kwa njia ya nyuma.

Yunusi alikuwa ameinamia kisanduku. Katika kidirisha Nyapara alikaa kisikini, hindi mkononi, jua limempiga kifuani, amejaa kama mtu aliyekuja mwenyewe kupigwa picha. Yunusi akazuia pumzi. Mara nyuma ya Nyapara, humo humo kidirishani, akatokea mtu. Yunusi akaona kofia yake mwenyewe. Akaona suruali yake mwenyewe, kiraka na vyote. Kwa kitambo alidhani amekufa, anajitazama. Mchi ukainuka. Kidole kikabonyeza chenyewe.

Mlio mdogo wa kisanduku ulimshtua Nyapara na ulimshtua Bi Kulthumu. Nyapara akageuka, akaona mchi, akaruka kwa ukelele wa kuita ukoo mzima, wakakimbia hadi ng'ambo ya bonde. Bi Kulthumu akamwona Yunusi. Yunusi hakuinua kichwa. Na ajabu ya kisanduku kile ni hiyo, kwamba mtu anayepiga picha na mkwe mwenye adabu wanainama sawasawa. Basi alikaa vile vile ameinama, akimtazama mama mkwe wake humo kidirishani, amekuwa mdogo kama stempu, anarudi kinyumenyume kuingia kwenye mahindi huku ameshika suruali kiunoni.

Jioni kuku hawakuambiwa kitu.

Yunusi angekitupa kisanduku mtoni, lakini Mzee Adinani alikuwa na safari ya Ruangwa. Akamdai mkanda ule, aupeleke dukani, upande lori kwenda Lindi kusafishwa. Kwanza alimwambia Yunusi mbele ya watu wote:

"Wewe unasema siku zote zile za dungu ulikuwa unalinda. Picha haina ndugu hapa. Ikionyesha nyani anakula raha mustarehe, njia ya Nandagala unaijua."

Yunusi angeweza kujitetea kwa neno moja, kwamba ndani ya mkanda ule kuna mtu anayemfukuza nyani, na kumtaja ni nani. Neno hilo lingemvua nguo Bi Kulthumu mbele ya Nambilanje yote. Akautoa mkanda, neno akabaki nalo.

Wiki zilizofuata zilikuwa za ajabu pale nyumbani. Yunusi alikula kama mgeni. Kila akifunua kawa anakuta paja la kuku, kunde zimeungwa karanga, ugali umesongwa mpaka unang'aa. Sabaha alimuuliza mama yake kulikoni. Mama akajibu kwamba kuku wamekuwa wengi, wanamchosha kwa maneno. Naye Yunusi, amri au si amri, alirudi dunguni akalinda shamba lile tangu alfajiri hadi machweo, kwa debe na kombeo, hata ndege wakakata tamaa. Ila Nyapara hakurudi tena, inasemekana alihamia upande wa Mandawa.

Siku ya picha kurudi Mzee Adinani alikaa barazani, akaita watu wa nyumba. Bi Kulthumu alikaa mbali, karibu na banda la kuku, amejifunika hadi pua. Bahasha ikachanwa. Za kwanza zilikuwa ukungu, na ile ya matako. Kisha Mzee Adinani akashika moja kwa mikono miwili. Hakuipuliza.

Nyapara alikuwa mkubwa kama mbwa wa sultani, kila unywele umehesabika, hindi mkononi. Nyuma yake alisimama mtu mwenye suruali ya kiraka, kofia imemfunika uso wote kwa kivuli, mchi juu hewani.

"Suruali hii siyo ya Yunusi?" akauliza Mzee Adinani taratibu. "Kofia hii siyo yake? Jamani. Kijana kamfuata dume la nyani na mchi mkononi, sisi tunamwita Bwana Chawa."

Sabaha akaichukua picha. Aliutazama mchi, ule ule aliotwangia kila siku. Alitazama miguu ya suruali ilivyokunjwa. Akamtazama mama yake, kisha akashikwa na kikohozi kirefu, akaingia ndani.

"Kuku nyinyi," ikasikika sauti kule bandani, "si niliwaambia kwamba mtoto huyu analinda?"

Ghala lilifungwa robo tatu, na Mzee Adinani mwenyewe ndiye aliyesema kwamba robo iliyobaki ni ya nyani, wana haki yao. Yunusi hakurudi Nandagala. Alizaa, akazeeka Nambilanje, na kila alipopata mkanda alipiga ngiri, kanga, tumbili, mara moja masikio ya kiboko huko mto Mbwemkuru. Watu hakuwapiga. Alisema watu wana maneno.

Ile picha ilipigiliwa msumari nyumbani kwa Mzee Adinani, na kila mgeni alielezwa: huyu hapa mkwe wetu, hili hapa dume la nyani. Mpaka siku moja, katikati ya maelezo, mzee alisimama na kidole juu ya karatasi, akawageukia watu wa nyumba na swali moja. Siku hiyo Sabaha alikumbuka sufuria mekoni. Yunusi aliinamisha kichwa kwa adabu. Bi Kulthumu aliwauliza kuku kama wametaga. Na mzee aliendelea kuuliza miaka yote, kwa huyu na kwa yule, hadi mwisho wake:

"Kama Yunusi yumo ndani ya picha, picha kaipiga nani?"