Mwenye Vidole Vyeusi

Vidole vyake vilikuwa vyeusi hadi kwenye kucha kwa dawa za kusafishia picha, na sabuni haikuvitakatisha. Alikuja kijijini kwetu kila masika, akisukuma mkokoteni uliojaa vioo vya picha. Aliliweka sanduku lake la kupigia juu ya miguu mitatu, akajifunika kitambaa cheusi, akahesabu polepole kama anayeomba kando ya maiti. Mwaka wa kwanza alipiga picha kinu cha maji cha kusagia nafaka. Kabla ya mavuno kikabomolewa. Mwaka wa pili alipiga miti mikubwa ya njia ya kanisani, nayo ikakatwa yote, reli ikapita. Tukaanza kuwaficha watoto akipita.

Mwaka huu alisimama mbele ya nyumba ya jirani yangu mjane, Bi Keziah Pruett, naye akatoka mbio na ndoo ya maji machafu.

“We baba, hilo jicho lako la husuda kaelekeze makaburini!”

“Makaburini nilipiga jana, mama,” alijibu taratibu, bila kumtazama.

Bi Keziah aliishusha ndoo. Mumewe na binti zake wawili wamezikwa pale.

“Nani kakutuma?”

“Wenye reli. Hunipa ramani ya njia yao, nami hupiga kila kilichomo kabla hakijabomolewa.”

Bi Keziah akaketi kizingitini, akakunja mikono mapajani, akatulia tuli.

“Basi nipige na mimi.”

Yule bwana akajifunika kitambaa chake. Hatukumsikia akihesabu. Tuliona mabega yake tu, yakitetemeka.