Mwalimu ni mkwe wangu, nami nataka kusoma

Admin, jina langu lifiche vizuri. Mji wetu wa Baraka ni mdogo na watu wake wana masikio makubwa.

Mimi ni mama wa miaka 51, mjane, watoto wangu wote wanajitegemea. Nilizaliwa Lweba, hukuhuku Kongo. Vita vilinikuta mwaka wa tano wa sekondari, umebaki mmoja tu nifanye Exetat, ule mtihani wa Serikali unaotoa diploma. Tukavuka ziwa, tukaishi kambini Tanzania, nikaolewa huko, nikazaa, tukarudi. Nikajiambia nitamaliza mwaka kesho. Mwaka kesho ukaja na mtoto mgonjwa, uliofuata ukaja na paa linalovuja, mimi nikabaki mama wa kuuza ndagala, dagaa wa ziwani, sokoni. Simlaumu mtu, lakini majuto yananitafuna. Wenzangu wakisema "tumeishazeeka, tungojee mbingu," nakasirika. Nataka kufundisha watoto wa shule ya msingi, hata miaka michache tu.

Mwaka huu likafunguliwa darasa la mchana la watu wazima wanaotaka kufanya Exetat. Nilicheza peke yangu jikoni. Halafu nikasikia mwalimu ni nani: mkwe wangu, mume wa binti yangu wa kwanza.

Asiye wa kwetu atasema, si afadhali, utafundishwa na mtoto wako? Ngoja kwanza. Kwetu mama mkwe na mkwe wanaheshimiana mpaka inachosha. Hatupeani mkono, hatuli pamoja, hatutazamani usoni. Tukikutana njiani, mmoja anaingia majanini. Nikiwa na neno kwake nalipitisha kwa binti yangu, hata kama mwenyewe amesimama palepale anasikia. Sasa mtu huyo aniite ubaoni?

Nikatafuta ujanja. Asubuhi nauza ndagala, mchana nikaanza kukaanga mandazi chini ya dirisha la darasa lile. Siku ya kwanza mkwe aliniona, akainamisha kichwa, akafunga dirisha. Nililia, nikasingizia moshi. Kesho yake nikakuta dirisha wazi, na sauti yake imepanda. Nikaelewa kwamba ananifundisha bila kunitazama. Jamani, nilikuwa na furaha! Nilikuwa nasahau hata kurudisha chenji.

Kuharibu nikaharibu mwenyewe. Siku hiyo aliuliza, "Maji ya ziwa letu inatokaka inje kupitia mto gani?" Kimya. Akauliza tena, kimya. Watu wazima waliozaliwa kando ya Tanganyika! Mdomo ukanishinda, nikapaza sauti kutoka nje: "Lukuga! Inatokea kwa Lukuga, inaenda kuingia Lualaba!"

Darasa zima likacheka. Mkwe akaweka chaki chini, akatoka kwa mlango wa nyuma. Mimi nikajifunika kitenge kichwani nikakimbia, mandazi yakaungulia huko.

Jioni binti yangu akaja, hata hakukaa.

"Mama, umemujibu mukwe yako mbele ya bantu?"

"Nilijibu swali, mwanangu."

"Mama, mi naogopa. Siku atakupa zero, utakuja kwangu na sura gani? Mukigombana juu ya masomo, ndoa yangu itasimama wapi?"

Ana haki ya kuogopa. Ni kweli, heshima ile imelinda nyumba yake. Mimi nina ulimi, najijua, na kama si desturi ningekuwa nimeshamtolea mkwe wangu maneno makali mara nyingi. Nikaenda kwa wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, nipate faraja. Akaniambia, "Ile diplome utaionyesha nani, bamalaika?" Nikaondoka bila kuaga.

Wiki iliyopita mkwe akatuma neno kupitia binti yangu, naye akaniambia vilevile: "Ambia mama, kama anataka kuingia darasani, familia yetu italeta mbuzi, tufungue heshima mbele ya bazee, tupate kusemeshana. Lakini ikifunguliwa hairudi tena. Mule ndani atakuwa mwanafunzi, na mi nitamukosoa sawa benzake."

Binti yangu alipomaliza akasema tu, "Uamue, Mama." Tangu siku hiyo haji kula kwangu. Darasa lingine liko Uvira, na huko sina pa kulala wala wa kuniangalizia biashara. Majina yanafungwa mwisho wa mwezi huu, na wazee wa upande wa mkwe wanataka jibu Jumapili.

Situlii. Nafagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Nikisema mbuzi asije, binti yangu atapumua na mimi nitaendelea kuwa mama mkwe mwema, nikiingia majanini kila nikimwona mwalimu. Nikisema aje, naweza kufeli mbele ya mume wa mwanangu, na kumkosa mwanangu pia. Kumpoteza huyo sitaweza.

Ndugu wasomaji, hasa ninyi mama wakwe wenzangu, na ninyi wakwe pia: mbuzi aje au asije? Umri wangu msinikumbushe, soko zima limeshanikumbusha. Na mwenye kuniambia niache, aniambie haraka kabla ya Jumapili, kwa sababu leo asubuhi nimejikuta nimeshanunua kalamu.