Mwalimu Hodari Mpaka Saa Sita

Kwenye foleni ya mashine ya kusaga hapa Kalangalala, mama mmoja alikuwa akimsifia mwalimu wa darasa la kwanza wa shule yetu ya msingi. "Wangu anasoma mpaka mifuko ya saruji. Yule mwalimu anaimba nao!"

Mwenzake akatua debe lake. "Anaimba? Wangu hajui hata a. Wanaambiwa walaze vichwa kwenye madawati. Namhamisha."

"Anaingia saa ngapi, mwenzangu?"

"Mchana."

"Wangu asubuhi." Vyumba havitoshi, kwa hiyo mwalimu huyohuyo hufundisha watoto wa asubuhi, kisha wa mchana.

"Kumbe sauti yake mnaimaliza nyie," akasema yule wa mchana, akilisukuma debe lake kwa mguu.

Wengi ninaowauliza wananijibu kwamba mwalimu yule ni hodari. Ni kweli, mpaka saa sita.